Anayemuuguza mgonjwa wa saratani naye ana haki juu yetu

  

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 2 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina na masahaba zake, safari iliyoishia kwenye vita vya Badri, mmoja wa watu wake wa karibu hakutoka naye. Huyo alikuwa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, alikuwa mgonjwa sana, na Mtume ndiye aliyemwamuru abaki nyumbani amuuguze. Bibi Ruqayya hakupona. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba habari za ushindi ziliingia Madina wakati watu wakisawazisha udongo juu ya kaburi lake. Pamoja na hayo, ngawira za Badri zilipogawiwa, Uthman alitengewa fungu lake sawa na waliopigana, na Mtume akamhakikishia kuwa ujira wake kwa Mola wake ni ujira wa aliyehudhuria.

Miaka mingi baadaye alitokea mtu aliyemwendea Abdullah bin Umar akihesabu makosa ya Uthman, na moja aliloliona kuwa ni aibu ni kule kukosekana kwake Badri. Ibn Umar alimweleza sababu, kisha akamwambia aondoke na jibu hilo. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Imam Bukhari, nasi tumekisomesha madrasani kwa miaka, mara nyingi kama mlango wa fadhila za Uthman tu. Leo tunakitaja kwa ajili ya yule aliyekaa kitandani kwa mgonjwa wakati wenzake wako kwenye shughuli zinazoonekana. Kwa kipimo cha Mtume, mtu huyo hakukosa kitu.

Tumechagua kuzungumzia saratani kwa sababu ni ugonjwa unaoichukua familia nzima, na huichukua kwa muda mrefu. Malaria humlaza mtu siku chache. Mfupa uliovunjika una tarehe ya kufunguliwa plasta. Saratani huja na miezi ya vipimo, upasuaji, dripu na mionzi, kisha miaka ya kurudi kliniki, na katika muda wote huo kuna mtu wa pili ambaye jina lake haliandikwi kwenye faili la hospitali. Ndiye anayejua dawa ipi inanywewa baada ya chakula, ndiye anayemwaga ndoo usiku, na ndiye anayekopa nauli.

Na tuanze na nauli, maana hapo ndipo matibabu mengi yanapokatikia. Chukua mfano wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa akina mama wa Tanzania. Mgonjwa anayepangiwa mionzi huhudhuria kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano hivi. Kila kikao ni cha dakika chache. Kisha hufuata mionzi ya ndani, na mara nyingi katikati yake huwekewa dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Madaktari wa fani hii wanasisitiza kuwa safari yote isivuke wiki nane, kwani ikirefushwa kwa kukosa siku hapa na pale, matumaini ya kupona hupungua. Sasa tazama ramani ya nchi yetu. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, ufukweni, katika eneo la hospitali iliyojengwa tangu zama za Wajerumani. Huduma ya mionzi ipo pia Bugando, Mwanza. Mgonjwa wa Rufiji, wa Tunduru au wa Pemba anapoambiwa wiki tano, anaambiwa ahame. Nani atahama naye? Atalala wapi? Nani atabaki na watoto, na shamba litapaliliwa na nani? Ukiona mgonjwa ameacha matibabu katikati, usiseme haraka kwamba amekata tamaa na rehema za Mola wake. Huenda aliyekuwa akimpeleka ndiye aliyeishiwa.

Tulishuhudia jambo hili mtaani kwetu miaka michache iliyopita. Mama mmoja wa umri wa zaidi ya miaka hamsini aliletwa kutoka Rufiji akafikia kwa kaka yake Mbagala. Aliyemfuata kumuuguza alikuwa binti yake, aliyekuwa na kibanda cha chapati na maandazi huko kwao, akakifunga. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Watu walikuja na machungwa, na juisi za boksi, na nasaha. Mmoja alileta mizizi, mwingine akaleta jina la mganga, wa tatu akasimulia kwa kirefu jinsi shangazi yake alivyokufa kwa maradhi hayo hayo, mgonjwa akiwa anamsikiliza. Ilipofika wiki ya tatu hakuna aliyekuja. Na wiki ya tatu ndipo mionzi ya nyonga huanza kumsumbua mtu kwa kuharisha na uchovu, hata kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta hawezi. Wakakosa siku moja, wakakosa mbili, kisha ikapita wiki karibu nzima. Muuguzi ndiye aliyepiga simu kuuliza.

Habari hiyo ilifika kwenye darsa la akina mama la msikitini, na hapo tunapenda kuwataja kwa kheri ingawa hatutawataja kwa majina. Hawakuitisha mkutano. Walichukua daftari la shule, wakapiga mistari, wakaandika siku na majina: nani ataandamana na mgonjwa Jumatatu, nani Jumanne, nani atapika siku ipi, nani atalala pale Ijumaa usiku ili yule binti alale usingizi wa mtu mzima. Kijana mmoja wa bajaji, anayeswali nasi alfajiri, akakubali kuwachukua asubuhi kwa bei ya mafuta, na fedha hiyo ikatoka kwenye kisanduku cha sadaka. Mama yule alimaliza mionzi yake.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza sana kumzuru mgonjwa, akaihesabu kuwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Yeye mwenyewe alipomzuru bedui aliyekuwa na homa alimpa maneno machache ya matumaini, kwamba yatakuwa ni utakaso, inshaallah. Nasi tufuate ufupi huo. Mwenye saratani anayepata dripu za dawa hushukiwa na kinga ya mwili, hasa katika wiki moja hadi mbili baada ya kila dripu, na mafua yako madogo yaweza kuwa makubwa kwake. Ukiwa na kikohozi, ziara yako iwe ya simu. Na watu wa nyumbani wajue kwamba homa ikifika nyuzi 38 katika siku hizo, mgonjwa hapelekwi asubuhi. Hupelekwa saa ile ile. Kwa upande mwingine, wapo wanaomwogopa mgonjwa bila sababu, wakamtengea sahani na kikombe. Saratani haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja, na anayetoka kwenye mashine ya mionzi ya nje habebi mionzi hiyo kuileta nyumbani. Mjukuu na ampakate.

Chakula nacho ni ziara. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya waliofiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kumpunguzia mtu huzuni. Tizama alivyowaweka pamoja mgonjwa na wenye majonzi. Chupa moja ya uji wa moto saa kumi na mbili asubuhi, ukaondoka bila kukaa, ni bora kwa nyumba ile kuliko saa mbili za maongezi zinazomlazimu binti wa watu akuandalie chai.

Lipo jambo jingine zito, na tutalisema wazi kwa kuwa linawahusu wanaume wenzetu. Kumezuka tabia ya mume kumrudisha mke kwao akishaambiwa ana saratani ya titi au ya kizazi. Husema, "Akauguzwe na mama yake." Wengine hujificha nyuma ya vitabu, kwani ni kweli kwamba wengi katika mafakihi wa kale hawakuihesabu gharama ya dawa katika nafaka ya lazima. Waliandika katika zama ambazo tiba ilikuwa jambo la nadra na la kubahatisha. Marehemu Sheikh Wahba az-Zuhaili wa Syria, mmoja wa mafakihi wakubwa wa zama zetu, ameeleza kuwa leo haja ya matibabu imekuwa kama haja ya chakula, bali zaidi, na kwamba kuishi kwa wema hakuafikiani na mume kumwacha mkewe akiumwa. Nasi tunashikamana na kauli hiyo. Mwanamume aliyefaidi ujana wa mkewe kisha akamsafirisha kwa basi na faili lake mkononi, atafute hoja nyingine mbele ya Mola wake. Hiyo ya vitabu haitamsaidia.

Hapo hapo tuondoe fedheha iliyowekwa juu ya akina mama. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, kwa sehemu kubwa sana, na kirusi kilichoenea mno, ambacho chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya kabla ya kudhuru. Mke mwema asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe hukipata. Kumtuhumu mgonjwa kwa zinaa kwa sababu ya ugonjwa huu ni kumzulia, na adhabu ya mwenye kuwazulia wanawake wema inajulikana katika Suratun Nur. Kwa mabinti zetu ipo chanjo ya kirusi hicho, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Kwa mama na shangazi zao upo uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambao katika vituo vingi hufanywa na wauguzi wanawake. Stara isiwe kisingizio.

Kuhusu visomo, hatuna ugomvi navyo. Ruqya ni sunna, na dua ya mtoto kwa mzazi ina nafasi yake. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume kama watafute tiba, aliwaambia watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Ugomvi wetu ni na yule anayemwambia mama anayetokwa na damu isiyo ya kawaida kwamba ni jini, akamnywesha kombe miezi minane. Walio wengi katika nchi yetu hufika hospitali maradhi yakiwa yamekwenda mbali, hatua ya tatu au ya nne, na sehemu ya ucheleweshaji huo imepita mikononi mwa watu wanaovaa kanzu kama sisi. Msomee, kisha mpeleke. Na kama anatumia habasoda au mitishamba mingine, daktari aambiwe, kwani ipo inayogongana na dawa zake.

Maswali ya ibada huwa mengi, nasi tunayapokea karibu kila wiki. Linalotuumiza zaidi ni la wanawake walioacha swala miezi mingi wakidhani damu ile ni hedhi. Damu ya maradhi isiyokoma ina hukumu ya istihadha. Mwanamke hujisafisha, akajihifadhi kwa kitambaa au pedi, akatawadha baada ya wakati wa kila faradhi kuingia, akaswali hata kama damu inaendelea. Siku za ada yake amuulize mwalimu anayemwamini, asikisie. Asiyeweza kusimama aswali ameketi; asiyeweza kuketi, kwa ubavu. Ngozi iliyoungua kwa mionzi isiguswe na maji kama yanaidhuru. Ataosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya pale pengine. Ama kukusanya swala mbili kwa sababu ya ugonjwa, kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi ni kukataza, lakini Imam Nawawi mwenyewe, nguzo ya madhehebu haya, aliiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu sana. Mgonjwa anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri akarudi magharibi, aipokee rukhsa hiyo kwa moyo mkunjufu. Na saumu, Suratul Baqarah imeshamsamehe: anayetarajia kupona atalipa baadaye, na asiyetarajia atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Zaka pia ina mlango hapa. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane, na mgonjwa aliyefilisika ni fukara au maskini kama wengine. Aliyekopa kwa ajili ya matibabu yumo katika wenye madeni. Tena inajuzu kumpa ndugu yako wa tumbo moja, na hiyo ni sadaka na kuunga udugu kwa pamoja. Mume hampi mkewe zaka kwa kuwa matunzo yake yako juu yake. Kabla ya hapo, familia ifike ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa ajili ya wasio na uwezo, na wengi hutoka hospitali na deni bila kujua kuwa mlango ule upo.

Tulisema aliyeuguza ana haki. Salman (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa akijichosha kwa kufunga na kuswali hadi kumsahau mkewe, alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, na Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada imewekewa mpaka, kuuguza nako kuna mpaka. Katika nyumba zetu mzigo huu hurundikwa juu ya binti mmoja, aghalabu asiyeolewa au aliyeachika, huku kaka watatu wakituma pesa mwisho wa mwezi na kupiga simu kuuliza kwa nini mama amekonda. Pesa ni jambo jema. Lakini kaka aje alale usiku mbili kwa mwezi, amwinue mama, ajue uzito wake. Binti huyo akisema amechoka, asiambiwe kwamba anapoteza thawabu. Akilia, aachwe alie.

Usiku ni mrefu zaidi pale maumivu yasipodhibitiwa. Kwa maumivu makali ya saratani hutolewa mofini ya maji, nayo tumeona chupa zikifichwa kabatini kwa hofu kuwa ni haramu au kwamba mgonjwa atakuwa teja. Anayeipata kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu hayo hana haja ya kuogopa hivyo, na sharia haikatazi dawa hii kwa mwenye haja nayo. Hutolewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, si kusubiri mpaka mtu apige kelele. Siku za mwanzo huleta usingizi, na huleta kufunga choo, ambalo nalo lina dawa yake. Subira aliyoamrishwa mgonjwa haikumtaka aikatae rehema iliyomo ndani ya chupa.

Mama wa Rufiji alirudi kwao akiwa na nafuu, akafunga Ramadhani iliyofuata yote. Katika mwaka wa pili maradhi yalirejea, na safari hii madaktari walisema abaki nyumbani apunguziwe maumivu. Aliambiwa ukweli huo mwenyewe, kwa ombi la binti yake, ingawa wajomba walitaka afichwe. Kwa kuambiwa, alipata kutaja madeni yake, akausia khanga zake na kipande cha shamba ndani ya ile theluthi aliyoruhusiwa, na akawaomba radhi majirani waliokosana. Alifariki alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya siku za msiba akina mama wa darsa walisafiri hadi Rufiji wakiwa na daftari lile lile. Walikuwa wamekusanya fedha za kumfungulia binti kibanda chake upya: unga, mafuta, jiko la mkaa na karai. Alizipokea kwa haya, akazihesabu, kisha akarudisha sehemu ya unga. Alisema jiko na karai vinamtosha, unga ataununua mwenyewe kwa mauzo ya wiki ya kwanza, na kwamba Mbagala, pale kwa mjomba wake, nyumba ya tatu, kuna mzee ameanza mionzi ya koo na mkewe hana mtu.